Kadi Tatu za Komeo

Tarehe 9 Januari

Kaka yangu mpenzi,

Kabla hata sijakusalimu, nakuomba kwa maziwa ya mama mmoja tuliyonyonya: barua hii isisomwe na mtu mwingine. Usiifungulie kwenye benchi la wachezaji. Usiiache kwenye mfuko wa lile koti lako ambalo kila mtu hulivaa mvua ikinyesha. Usimsimulie mtu hata kwa mzaha. Ukishaisoma, ichane. Nakujua, utacheka. Cheka, lakini ichane.

Sasa shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo pia, isipokuwa goti la kushoto limeanza tena kulalamika kila anapopanda ngazi za hapa kwetu, na yeye hulijibu. Jana nimemsikia akiliambia, "Hata wewe? Nilidhani tumeshaelewana." Ile picha ya gazetini, wewe na filimbi shingoni, ameibandika kwenye mlango wa kabati. Mgeni haketi kabla hajaisoma. "Komeo sasa ni kocha," anawaambia, kana kwamba maandishi hayatoshi. Halafu anawaeleza kwa nini mashabiki walikuita Komeo, kwamba katika miaka tisa ya raga ya wachezaji saba hakuna aliyepita upande wako. Mimi huenda jikoni akifika hapo.

Jambo lenyewe ni hili. Katibu wetu wa chama cha raga ameamua kadi zote za majeraha zitolewe kwenye makabati na kuingizwa kwenye kompyuta. Kazi hiyo nimepewa mimi, kwa sababu, anasema, sina haraka na sikosei. Kaka, zimo kadi zako tatu. Unazijua. Sheria ya chama inasema mchezaji aliyepigwa kichwa akae nje siku ishirini na moja, na mara zote tatu ulinijia kabla hazijaisha, na mara zote tatu nikaandika kadi mpya yenye tarehe ya nyuma ili uonekane umepumzika. Sasa nikichapa zile tarehe za uongo nitakuwa nimedanganya mara ya pili, safari hii nikiwa na akili zangu timamu na miaka mitatu ya kazi.

Na kuna jingine. Kadi za kweli sikuzitupa. Sijui kwa nini. Nadhani karani hawezi kutupa karatasi iliyotiwa sahihi na daktari. Zimo kwenye bahasha, chini ya karatasi za kufunikia droo yangu.

Niambie nifanye nini. Niambie pia kichwa chako kikoje. Mimi ndiye niliyechapa barua ya chama ya kukupendekeza kwa klabu yako, na humo nilichapa "mwenye afya njema."

Mdogo wako


Tarehe 20 Januari

Bibi Karani, mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea chooni, mlango nimefunga kwa ufunguo. Umeridhika? Mwambie Mama goti lake lipakwe dawa ya kuchua, siyo maneno. Na aiondoe hiyo picha, nimetoka kama mtu aliyemeza hiyo filimbi.

Mimi ni mzima. Kazi ni ngumu lakini tamu. Kucheza kulikuwa rahisi: unamwona mtu anakuja, unamwangusha. Kufundisha ni kumwona mtu anakuja na mikono yako iko mfukoni. Wanawake kumi na wawili nimepewa, na kila mmoja ana mdomo. Siku ya kwanza nilitaka kuwaonyesha jinsi ya kugeuka kwa kasi, mmoja akasema, "Kocha, unakimbia kama kabati linalohamishwa." Wote wakalala chini kwa kicheko. Nikawakimbiza mizunguko kumi. Wakaenda wakicheka, wakarudi wakicheka.

Yupo mmoja, fundi cherehani, mwembamba, wanamwita Sindano. Nikamuuliza, kwa nini Sindano? Akasema, "Kwa sababu napita kwenye tundu ambalo wewe hulioni, Kocha, na nyuma yangu naacha uzi." Nilicheka mpaka filimbi ikanidondoka. Ngoja umwone akishika mpira. Dakika saba za kipindi kwake ni nyingi, anaumaliza mchezo katika mbili.

Kuhusu zile karatasi: yaliyopita si ndwele. Chapa zilivyo, funga droo, kunywa chai. Nani atafufua kadi za mchezaji aliyestaafu?

Kaka yako


Tarehe 4 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Huku Mama anasalimu, goti limetulia, na jirani wa chini amepata pacha wawili wanaolia kwa zamu.

Barua yako ya Januari nimeipata juzi. Iliandikwa anwani ya ile nyumba yenye mlango wa kijani, ambayo tulihama miaka minane iliyopita. Wewe ndiye uliyebeba kitanda cha Mama mgongoni siku ile, ukakataa kusaidiwa. Binti wa mwenye nyumba aliiweka barua juu ya kopo la unga akaisahau, mpaka alipokutana nami sokoni. Nilipomweleza Mama alicheka sana, "Huyo kaka yako, akili zote ziko miguuni!" Akaichukua bahasha, akautazama ule mwandiko wako kwa muda mrefu, akaiweka chini ya godoro lake badala ya kunirudishia.

Hukunijibu kuhusu kichwa. Tena, simu hupokei. Nimepiga siku sita. Siku ya saba ulipokea, ukasema "Ngoja," ukakata.

Nakumbuka ile mara ya kwanza. Ulikuja masijala saa ya chakula, wenzangu wametoka, viatu vyako vimeacha tope kutoka mlangoni hadi mezani. Ulinukia dawa ya kuchua. Ukasema, "Fainali ni Jumapili. Andika tarehe mbili, siyo kumi na mbili." Nikakuuliza unajisikiaje, ukasema, "Kama redio iliyotoka kidogo kwenye stesheni. Itarudi." Nilikuwa na wiki nane tu kazini, nawe ulikuwa Komeo. Niliandika. Mlishinda, mkanipigia honi mkipita na kombe, nami nikapunga mkono dirishani, mpumbavu mimi.

Stesheni ilirudi, kaka?

Mdogo wako


Tarehe 29 Machi

Bibi Karani,

Marahaba. Salamu kwa Mama, na pole kwa hao pacha. Waambie wakubaliane, mmoja alie mchana.

Habari ya anwani isikutie homa. Mkono umezoea. Hata wewe ukiandika umekasirika unaandika herufi za darasa la tatu. Simu siipendi, basi. Kwenye simu maneno yanakimbia, na mimi nimestaafu kukimbia. Barua inanisubiri. Nikifika chini nikasahau cha juu, cha juu bado kipo.

Nimebuni njia mpya ya kufundisha, klabu nzima wanaisifu. Kila mchezaji anabandikwa mgongoni kipande cha plasta nyeupe chenye jina lake la utani. Nawaambia ni ili wazoee kuitana kwa sauti. Na mimi mwenyewe navaa plasta kwenye kifundo cha mkono, kama zamani, naandika juu yake nani aingie, nani atoke. Mwenyekiti wa klabu anasema ni mambo ya kisasa. Muuguzi wa timu peke yake ndiye hanisifu. Ananitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Yupo mchezaji mmoja, fundi cherehani, nilikuwa sijakuambia habari zake. Wanamwita Sindano. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu napita kwenye tundu ambalo wewe hulioni, Kocha, na nyuma yangu naacha uzi." Nilicheka mpaka filimbi ikanidondoka.

Usinitume hospitali. Najua ndilo lililo kwenye kalamu yako. Daktari atanipa jina la ugonjwa, na hilo jina litafika kazini kabla yangu. Mimi sikusomea kitu, mdogo wangu. Nilisomea kuangusha watu. Ukiniondoa uwanjani, niambie, nikae wapi?

Mwezi wa tano tuna mashindano ya siku mbili, mechi tatu kwa siku. Tuombee.

Kaka yako


Tarehe 17 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Mama anasalimu. Anafuma sweta jeusi, anasema ni lako, kwa mashindano. Nimemwambia mwezi wa tano kuna joto. Amesema, "Yeye ndiye nimemzaa, siyo hali ya hewa."

Ile habari ya Sindano umenisimulia mara mbili, kaka. Neno kwa neno, mpaka filimbi kudondoka. Nimeziweka barua mbili sambamba juu ya meza yangu nikazisoma kwa kidole, kama ninavyolinganisha nakala. Sikumwonyesha Mama.

Nimeandika barua kwa mwenyekiti wa klabu yako. Nimeiandika mara mbili kwa usafi, na mara mbili nimeichana, nikavitia vipande kwenye mfuko wa sketi ili visionekane kwenye kapu la ofisi. Nikimwambia wewe ni mgonjwa, ataniuliza nimejuaje, nami nitalazimika kufungua droo.

Na jana nimefika kwenye kadi zako. Nilikuwa nimezikwepa kwa wiki tatu kwa kuanza na makabati ya upande wa dirisha. Katibu alikuja akasimama nyuma yangu.

"Binti, mbona unazitazama hizo kama zitauma?"

"Mwandiko wa daktari, mzee. Hausomeki."

"Lete." Akavaa miwani. "Tarehe mbili. Mbona iko wazi kama jua? Chapa, twende."

Nikachapa tarehe mbili. Nikachapa na zile nyingine mbili. Alisimama hapo hapo akiimba kwa pua mpaka nikabonyeza kuhifadhi.

Nakusihi, kaka, nenda hospitali wewe mwenyewe. Nenda ukaseme kinakuuma tu. Nikipata barua yako kwamba umeenda, nitalala. Kama sitapata, sijui nitakuwa na ujasiri gani. Sina mwingi, unanijua.

Mdogo wako


Tarehe 1 Juni

Kaka,

Shikamoo. Mama mzima. Sweta limekwisha.

Sikupata jibu la barua yangu ya Aprili. Nimepata kitu kingine. Taarifa za majeraha hupitia mezani kwangu, zote, na Jumatatu imekuja ya mashindano yenu. Inasema mchezaji anayeitwa Sindano aligongwa kichwa katika mechi ya kwanza, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akatolewa nje. Inasema katika mechi ya tatu, saa tisa alasiri, kocha alimwingiza. Akaangushwa mara moja tu, mwangusho wa kawaida, hata refa hakupuliza. Hakuinuka. Hadi taarifa inaandikwa alikuwa hajaamka.

Imeambatanishwa karatasi ya klabu yenye sahihi yako. Inasema hukuambiwa na muuguzi kwamba binti alikuwa amekatazwa kucheza. Naye muuguzi ameleta kadi aliyoijaza asubuhi hiyo, yenye saa na dakika. Klabu inasema kadi hiyo ameijaza baadaye ili kujikinga. Kamati ya uchunguzi imeitwa.

Nakuuliza kama mtu wa tumbo moja, na sitakuuliza tena. Ni kweli hakukuambia?

Mdogo wako


Tarehe 12 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Msalimu Mama.

Sijui kama aliniambia. Hilo ndilo jibu. Wote wanataka ndiyo au hapana, na mimi ndani sina yoyote. Mwenyekiti alinipa karatasi iliyokwisha chapwa akasema, "Tia sahihi hapa, Kocha, tukulinde." Nikatia. Nilikuwa nimezoea kutia sahihi kadi.

Jana nilimwaga vitu vya begi langu nitafute soksi. Nimekuta plasta, imejikunja, imeshikana na kitambaa cha ndani. Unakumbuka nilipokuwa nacheza, kila mchana nilibandua plasta ya kifundo na kuweka mpya, kwa sababu jasho la mechi ya asubuhi halipaswi kuingia mechi ya alasiri? Mwiko wangu. Ulikuwa unanicheka. Basi siku ile pia, baada ya chakula, nilibandua, nikaweka mpya, nyeupe, safi. Sikunakili. Sikujua kuna cha kunakili.

Hii ya zamani imeandikwa: SINDANO KICHWA. LEO BASI. Na mwandiko si wangu.

Muuguzi aliandika mkononi mwangu, mdogo wangu. Mimi nikabandua.

Nilipomwita Sindano ajiandae alinitazama. Hilo nalikumbuka, la ajabu, hilo limebaki. Alisema, "Niingie, Kocha? Una hakika?" Nikamwambia, "Wewe si ndiye sindano?" Akacheka akavua koti.

Hii plasta hakuna aliyeiona. Wewe zichome zile kadi tatu. Zikionekana, watajua siko sawa tangu zamani, na sitakanyaga uwanja wowote tena maisha yangu. Sindano ataamka. Mifupa ya fundi ni migumu.

Kaka yako


Tarehe 1 Julai

Kaka,

Shikamoo.

Mama anaumwa kidogo, mafua tu.

Sindano amefariki. Ijumaa, saa saba mchana, hospitalini, hakuamka hata mara moja. Nilitaka uisome kwa mwandiko wangu, si kwa wa klabu, ingawa najua utakuwa umeshaambiwa. Nasema najua. Sijui ninajua nini siku hizi.

Muuguzi amesimamishwa kazi. Jumanne alikuja ofisini kwetu, mama mmoja mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alisimama mbele ya meza yangu.

"Wewe ndiye mwenye kadi?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu uketi."

"Nimeketi sana. Nitafutie kadi ya yule binti, niione saa niliyoandika. Wananiambia mpaka mimi mwenyewe nimeanza kujiuliza."

Nikampa. Aliisoma polepole, akaigusa kwa kidole pale penye saa.

"Ni mwandiko wangu," akasema. "Na nilimwambia kocha kwa mdomo. Nikaona macho yake hayapo. Nikamshika mkono, nikamwandikia kwenye plasta, herufi kubwa, kama ya mtoto. Miaka ishirini na sita nauguza, mwanangu. Siku ile nilikuwa na wagonjwa wawili uwanjani. Nikamtoa mmoja."

Hakujua mimi ni nani kwako. Sikumwambia. Nilimpa glasi ya maji, akanywa yote, akasema asante.

Kadi sijazichoma. Nilifika nazo jikoni, Mama akaniuliza ni nini, nikasema risiti za zamani. Sikuweza. Nakuomba sasa jambo moja. Nitumie ile plasta. Ikija peke yake, itamwokoa yule mama na kukufanya wewe uonekane umemwingiza binti huku ukijua. Nikiweka na kadi zangu pembeni yake, itaonekana kwamba kocha alikuwa mgonjwa, kwamba alikuwa mgonjwa kwa sababu alicheza mara tatu siku ambazo alipaswa kulala, na kwamba alicheza kwa sababu nilimwandikia. Huo ndio ukweli mzima, nami nimo ndani yake.

Sitakulazimisha. Plasta ni yako, iko kwako. Kama utaichoma, hakuna atakayejua, nami nitanyamaza, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoizoea.

Mdogo wako


Tarehe 20 Januari

Bibi Karani, mdogo wangu,

Marahaba. Salamu nyingi kwa Mama, na goti lake.

Mimi ni mzima. Kazi ni ngumu lakini tamu. Wasichana wana midomo, lakini miguu pia wanayo. Yupo mmoja nilikuwa sijakuambia, fundi cherehani, wanamwita Sindano. Nikamuuliza kwa nini Sindano. Akasema anapita kwenye tundu ambalo mimi silioni.

Leo hakuja mazoezini. Wenzake nikiwauliza wananitazama na kuangalia chini, mmoja akalia. Labda wamegombana, wasichana hawa. Jumamosi nitampanga tangu mwanzo, atafurahi.

Kuna kitu nilitaka kukutumia, uliniomba. Nimekitafuta kila mahali.

Kaka yako


Tarehe 19 Agosti

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Mafua yamekwisha.

Barua yako ya mwisho umeiandika Januari, lakini muhuri wa posta ni wa Julai, tarehe ishirini na mbili. Safari hii anwani ilikuwa sawa. Bahasha haikuwa na gundi. Uliifunga kwa kipande cha plasta nyeupe, umekikunja kwa uangalifu juu ya mdomo wa bahasha. Nilipokibandua nikaona maandishi upande wa juu, yamefifia: SINDANO KICHWA. LEO BASI.

Nimekaa nacho siku nne nikijiuliza kama ulinitumia au ulitafuta tu kitu cha kufungia bahasha. Sitajua. Sidhani kama wewe unajua. Siku ya tano niliamua kwamba umenitumia, kwa sababu hivyo ndivyo ninavyoweza kuishi nalo, nikaenda.

Kamati ilikuwa watu watatu kwenye chumba cha mikutano, kile chenye picha za timu ukutani. Upo kwenye picha nne. Niliweka mezani kadi tatu za kweli, kadi tatu za uongo, na plasta. Mama aliyekuwa mwenyekiti wa kamati alizipanga mbili mbili.

"Hizi umeandika wewe?"

"Mimi."

"Ulijua ni kosa?"

"Nilijua."

"Basi kwa nini, binti?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo kwa wiki nzima, nimeandika majibu kwenye daftari. Nikasema tu, "Alikuwa kaka yangu, na alikuwa amesimama pale akinisubiri."

Yule mzee wa pembeni akaandika. Nikaona anaandika hivyo hivyo, neno kwa neno, na kwenye karatasi yalionekana maneno madogo sana.

Katibu alinisubiri kwenye ukumbi. Hakunigombeza. Alinyoosha mkono, nikampa funguo za makabati. "Nilikuwa nawaambia wengine waige mfano wako," akasema, akaingia ofisini, akafunga mlango taratibu. Kesi yangu itapelekwa mbele. Chumba tulichokaa ni cha chama, kwa hiyo tumehama pia. Mama alikunja nguo bila kuuliza. Alipofika kwenye kabati aliibandua ile picha ya gazetini, akashindwa aiweke wapi, mwishowe akaivaa kifuani ndani ya gauni.

Muuguzi atarudishwa kazini. Nilikutana naye kwenye ngazi. Alikuwa ameshaambiwa mimi ni nani. Nikasema, "Mama, nisamehe." Akanitazama kwa ile miwani ya uzi.

"Siku ile ulinipa maji," akasema. "Na kadi hizi ulikuwa nazo kwenye droo, chini ya glasi ile ile."

Akashuka. Na wazazi wa Sindano walikuwa kwenye benchi la nje. Baba yake alisimama kunipisha nipite, akidhani mimi ni karani tu, nina haraka.

Watakuja kwako, kaka, wiki hii au ijayo. Watachukua filimbi. Usipigane nao. Watakupeleka kwa daktari, naye atakupa lile jina uliloliogopa, na umesema kweli, kwenye uwanja hutarudi. Mimi ndiye niliyekuondoa. Uliniuliza ukae wapi, nami sikukujibu. Jibu ninalo hili tu, siyo zuri.

Ukiwa tayari, njoo. Chana kipande hiki cha chini, ukiweke kwenye mfuko wa shati, siyo wa koti. Usipige simu ya ofisi, mimi siko. Usiende penye ngazi, wala penye mlango wa kijani.

PANDA BASI LA MCHANA. Mwonyeshe kondakta karatasi hii.

SHUKA KITUO CHA MWISHO. Huwezi kukosea, dereva huzima injini na watu wote hushuka.

Mbele yako utaona duka la dawa. USIVUKE BARABARA. Geuka upande wa mkono wako wenye kidole kilichopinda.

HESABU MILANGO SITA. Wa sita ni wa fundi saa. Pita kando yake, uingie uani. Mlango wetu ni wa bati. Gonga kwa nguvu, Mama hasikii vizuri siku hizi.

Ukipoteza hesabu, usirudi mwanzo. Mwonyeshe karatasi hii mtu yeyote mwenye duka. Nimewaambia wote.

Ukishuka ukasahau umekuja kwa nani, usiondoke. Kuna benchi hapo kituoni. Kaa. Mimi hupita hapo kila siku saa kumi jioni, na nitapita kila siku. Nitakuita kaka. Hata kama hunijui, inuka, unifuate.